Wimbo wa Chumba cha Pasi

Bibi niliyepanga kwake Mnero alikuwa akisikilizia redio ya simu ndani ya sufuria. Akili zake zilikuwa timamu. Ukiitumbukiza simu ndani ya sufuria tupu, sauti inajaa na kutoka na nguvu, na yeye sikio la kushoto lilikuwa limekufa zamani. La kulia lilibaki, lakini lilichagua. Sauti nzito lilizipokea, nyembamba lilizikataa. Ndege hakuwasikia tena, na wajukuu wa kike walipomwita alidhani wamenyamaza.

Siku niliyohamia nilikaa barazani na simu yangu, nikifungulia gitaa la umeme huku nikishona begi lililochanika. Akatoka jikoni na sufuria mkononi, akaichukua simu bila kuomba, akaitumbukiza, akainamisha sikio.

"Hawa ni wale wazungu wenye nywele," akasema.

"Ndio wao, bibi."

"Nyimbo zao unazo nyingi?"

"Ninazo nyingi kuliko nguo."

"Nguo zako nimeziona zikianikwa. Usijisifie." Akasikiliza mpaka wimbo ukaisha, kisha akanirudishia simu ikiwa na masizi. "Basi kama unazo nyingi, nitafutie wangu. Wimbo wa chumba cha pasi."

Ndivyo alivyouita, kwa sababu jina lake hakuwahi kulijua. Katika usichana wake alifua na kupiga pasi mashuka ya hospitali ya misheni. Wakati huo kulikuwa na muuguzi mmoja mgeni, msichana wa kujitolea, aliyekuja na mashine ya santuri na sahani chache za nyimbo. Masista aliokaa nao hawakutaka magitaa karibu na kanisa, kwa hiyo mashine ikapewa nafasi kwenye chumba cha pasi, juu ya kabati la sabuni, na muuguzi akawa anakuja kusikiliza huko akiwa hana zamu. Wafuaji nao wakasikiliza, wapende wasipende. Bibi alipenda. Katika sahani mojawapo kulikuwa na wimbo uliokuwa ukifika wakati wao wanamaliza mashuka na kuanza foronya, na kwa wimbo huo, aliniambia, foronya zake zilikuwa zikitoka zimenyooka kuliko za wenzake wote.

Muuguzi alipoondoka aliondoka na sahani zake. Bibi akaolewa, akazaa, akalima, akafiwa na mume, na wimbo ule hakuusikia tena popote. Sasa mhudumu wa zahanati alikuwa amemweleza bila kuficha kwamba hilo sikio la kulia nalo linaelekea lilikokwenda la kushoto. Leo ninapoandika limeshafika. Lakini wakati ule lilikuwa bado, na alichotaka ni kitu kimoja: kuusikia ule wimbo mara moja kabla halijazimika.

Alikuwa amemwomba mtu sahihi. Nasema hivyo bila aibu.

Mimi shule niliiacha darasa la sita, na sikuiacha kwa shida yoyote ya nyumbani. Niliiacha kwa sababu lori la ufuta lilikuwa linaondoka na nilitaka kuona linakwenda wapi. Lilikwenda Nachingwea mjini tu, lakini mimi nimeendelea. Nimevuna ufuta Mandawa, nimechimba kinywe Ruangwa, yale madini meusi yanayoteleza mkononi kama yamepakwa mafuta, nimebeba magunia ya korosho kwenye maghala, na kila ukifika wakati wa kupuliza salfa, ile dawa ya unga ya kuzuia ukungu, napuliza popote penye mikorosho na mwenye shamba mvumilivu. Hakuna kazi niliyomaliza nayo mwaka. Wananiita Kiguu na Njia, naitika.

Kusikiliza ndiko sijawahi kukuacha njiani. Kulianza Mandawa, msimu mmoja wa mvua, dereva wa lori kutoka kaskazini alipokwama kwenye tope na sisi tukakwama naye. Alikuwa na memori kadi iliyojaa rock za zamani, akanipa kwa kunishukuru kwa kusukuma. Nyimbo zilikuwa zile ambazo redio huzipiga Jumapili mchana, msanii mmoja wimbo mmoja, akizidi sana miwili. Nilizipenda mpaka nikazichoka, na nilipozichoka ndipo swali likanijia. Huyu mtu ameimba tangu ndevu hazijaota mpaka zimekuwa nyeupe. Ameimba huu mmoja tu?

Nilipofika Ruangwa kwenye mtandao wa kueleweka nilinunua bando nikaanza kuchimba. Nikakuta hali ni kama shamba la mikorosho ambalo watu wameokota zile zilizodondoka kando ya barabara tu, wakaenda zao. Ndani kote kumejaa. Bendi ambayo dunia nzima inaijua kwa wimbo mmoja wa kelele ilikuwa na wimbo wa kinanda peke yake, mfupi, ambao mwimbaji anakohoa katikati na hakuna aliyejali kuufuta. Mwimbaji mmoja mkubwa, ambaye hata mama ntilie wa stendi anaweza kumwigiza, alikuwa na wimbo kuhusu mbwa wa jirani yake, na ngoma zake ukizisikia unamwona huyo mbwa akitembea. Mpiga gitaa fulani anayesifiwa kwa kasi alikuwa na wimbo ambao gitaa linalia noti moja tu muda wote, na ile moja inatosha.

Majina sitayaandika. Nimejifunza kwamba ukitaja majina watu wanaanza kubishana nani zaidi ya nani, na wimbo wenyewe unaachwa umesimama mlangoni.

Nilizisikiliza nyimbo hizo machimboni, shambani, juu ya magunia, nikajua ipi iliwekwa mwisho wa sahani kwa sababu bendi iligombana, na ipi iliimbwa na mtu ambaye kawaida haimbi. Sidhani kama katika wilaya hizi mbili, Ruangwa na Nachingwea, yuko mwingine anayezijua hivyo. Kama yupo, aje. Nitamnunulia chai, tukae mpaka jioni.

Kwa hiyo bibi aliponipa kazi yake niliona ni ndogo.

Jambo alilolikumbuka vizuri kuliko yote lilikuwa picha ya jalada. Wanaume watano wamekaa kwenye ngazi za mawe, mmoja amevaa kiatu mguu mmoja tu. Wafuaji walikuwa wakimcheka sana huyo. Nilikwenda Ruangwa kwa shughuli zangu, nikapekua mtandaoni majalada ya bendi zote nilizozijua, na nikawapata. Ilikuwa bendi kubwa kabisa, ya wale ambao kila redio inawapiga, lakini sahani yenyewe ilitoka wakati sifa zao zimeanza kupoa, na hata mashabiki wao wenyewe huiruka. Niliporudi nikamwonyesha bibi picha kwenye simu.

"Huyo!" Alipiga makofi. "Huyo wa kiatu kimoja! Bado hajapata cha pili!"

Tukakaa barazani siku hiyo kama watu wanaosubiri matokeo ya uchaguzi. Binti yake, mama wa makamo anayeuza vitenge gulioni na ndiye anayeendesha ile nyumba, aliacha kuchambua mboga akaja. Nikaitumbukiza simu, nikafungulia sahani nzima tangu wimbo wa kwanza. Bibi akainamisha sikio la kulia.

"Siyo huu."

Wa pili. "Siyo."

Wa tatu aliusikiliza kidogo zaidi, nikapata matumaini. "Huu nao siyo."

Tukaenda hivyo mpaka wa mwisho. Ule wa mwisho ulipoisha akanionyesha kwa kidole nirudie tangu mwanzo. Nikarudia. Alikataa wote tena, na sasa alikuwa anakataa kwa kichwa tu.

"Bibi, wimbo wako ulikuwaje?"

"Mwimbaji wangu alikuwa mwanaume mzima," alisema. "Sauti yake imekaa. Anaimba kama mtu anayetembea na mzigo na hana haraka ya kuutua. Hawa wako wanakimbia kama wamefukuzwa na nyuki." Akafumba macho akaanza kuung'ong'a, midomo imefungwa: mstari unatembea chini, unapanda hatua kwa hatua, unasimama juu kidogo kama anayetazama aliko, kisha unateremka pole pole. Ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri sana, na haukuwa kwenye sahani ile.

"Mama," binti yake akasema, akimsogelea upande wa kulia na kupaza sauti, "labda ulikuwa wa kanisani."

"Kanisani kwenu wanapiga gitaa la umeme?"

"Basi uliota. Mvuke wa pasi ule, watu walikuwa wanaota wamesimama!"

Wajukuu wakacheka, jirani aliyepita akacheka, mimi mwenyewe nikatabasamu kabla sijajizuia. Bibi hakucheka. Aliitoa simu kwenye sufuria, akaifuta kwa pindo la khanga, akanipa, akaenda kuinjika maharage. Siku zilizofuata hakuniuliza tena. Nilipojaribu kuuliza mimi alisema, "Achana nao. Pengine niliota kweli. Ukizeeka unachanganya."

Maneno hayo yaliniuma kuliko vile wote walivyocheka. Mtu kupoteza sikio ni jambo moja. Huyu sasa alikuwa anaanza kupoteza hata alichokisikia wakati masikio yote mawili yalikuwa mazima, na mimi ndiye niliyemletea ushahidi wa kumpinga, kwenye simu yangu.

Mwezi wa saba nikaenda Nambambo kupuliza.

Salfa inapulizwa alfajiri, wakati majani ya mkorosho bado yana umande na upepo haujaamka, ili lile vumbi lishike. Jua likishapanda, kazi imekwisha, ulipwe usilipwe. Mashine unaibeba mgongoni, injini na tangi, na bomba mkononi, na ule mngurumo hauingii masikioni peke yake, unaingia kwenye mifupa ya shingo. Wapulizaji wote huimba. Usipoimba mashine inakula akili. Lakini huwezi kuimba kinyume nayo, maana hutajisikia. Unachukua ile sauti yake moja, ndefu, unauweka wimbo wako juu yake kama unavyoweka mzigo juu ya kata kichwani. Mtu mwenye mashine mpya huimba juu, mwenye mashine kuukuu huimba chini. Ukiwa mbali shambani unajua nani anatumia mashine ipi kwa wimbo wake.

Asubuhi moja nilikuwa naimba ule wimbo wa mwisho wa sahani ya ngazi za mawe. Kwa bibi haukufaa, lakini mimi ulikuwa umenishika. Ni wimbo ambao bendi yenyewe, nadhani, imeusahau. Hauimbwi na mwimbaji wao maarufu, unaimbwa na mpiga besi, kwa sauti nyembamba ya haraka, kama mtu anayemaliza maneno kabla gari halijaondoka. Kwenye mtandao waliousikiliza walikuwa wachache kiasi kwamba nilijihisi ni wangu.

Chujio la hewa la mashine yangu lilikuwa limejaa salfa. Sikuwa nimelisafisha jana yake. Katikati ya mstari injini ikaanza kukosa pumzi, na sauti yake ikashuka, siyo ghafla, ikashuka kama mtu anayekaa chini kwa tabu. Mimi nikashuka nayo. Sikukusudia, kinywa kilikuwa kimefungwa kwenye mashine. Ilivyozidi kushuka nami nikazidi, na ilivyopunguza mwendo nami nikapunguza, na mahali pale wimbo unapopanda hatua kwa hatua nikajikuta napanda pole pole, nikasimama juu kidogo, nikaanza kuteremka.

Nilikuwa naimba wimbo wa bibi. Kwa kinywa changu mwenyewe, pamoja na mzigo wake.

Nikazima mashine. Mwenzangu wa mstari wa pili, mzee wa Kimakonde tuliyekuwa tukipuliza naye miaka kadhaa, akaja mbio, uso wake wote wa njano kwa vumbi.

"Umeumwa na nyoka?"

"Hapana, mjomba. Nimeusikia wimbo."

"Wimbo wa nani?"

"Wa bibi yangu wa Mnero."

"Basi washa mashine. Bibi yako hana mikorosho huku."

Nikawasha, lakini sikuwa pale tena. Mashine ikichoka sauti inashuka, hilo nalijua kama ninavyojua njaa. Swali lilikuwa moja. Ile santuri iliyokaa juu ya kabati la sabuni ilikuwa inazungushwa na nini?

Nilipopata siku nikapanda bodaboda mpaka Mnero. Bibi alikuwa anapepeta mtama. Nikakaa upande wake wa kulia.

"Bibi, enzi zile umeme wa misheni ulitoka wapi?"

"Kwenye jenereta. Ungetoka wapi?"

"Na pasi zenu?"

"Hapo hapo. Pasi zetu zote, na lile jiko la kuchemshia vyombo vya daktari." Akaanza kucheka peke yake. "Tukichomeka vyote kwa pamoja, taa zinakuwa nyekundu kama macho ya mlevi. Jenereta inalia kama mbuzi. Fundi wake anakuja mbio kututukana, anaanza kwa Kimwera, kikimwishia anamalizia kwa Kijerumani."

"Santuri je, wakati huo?"

"Inaimba. Kwa nini isiimbe?"

"Na siku ambazo si za pasi, ilikuwa inaimbaje?"

Akaniona mjinga. "Siku isiyo ya pasi mimi niko mtoni nafua, mjukuu wangu. Nitaisikiaje?"

Nilitaka kumkumbatia na ungo wake. Katika miaka yake yote pale hakuwahi kuusikia wimbo ule jenereta ikiwa na nguvu zake. Kila alipousikia, pasi zote zilikuwa zimechomekwa, umeme umelemewa, sahani inazunguka kwa kujikokota, na yule mpiga besi mwenye sauti nyembamba anageuka mwanaume mzima mwenye mzigo. Nilikuwa nimemletea wimbo wake mwenyewe kwenye sufuria mara mbili, na mara zote mbili alikuwa na haki ya kuukataa.

Sikumwambia. Kama nilikosea, mara ya pili ingemmaliza. Nilikwenda kwanza Ruangwa kwa jamaa yangu mwenye kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu na memori kadi. Yeye ndiye anayewaongezea spidi wapiga singeli wa mtaa wake, ana programu ya kazi hiyo kwenye kompyuta yake iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Nipunguzie huu," nikamwambia.

"Niongeze?"

"Upunguze."

Akanitazama. "Kaka, tangu nifungue hiki kibanda sijawahi kupunguza kitu. Vijana hapa wanataka mtu aimbe mpaka meno yadondoke. Wewe una msiba?"

"Nina bibi."

"Haya." Akapunguza. Ukatoka mzito mno, mwimbaji kama anasinzia. "Huyu mtu amekunywa dawa gani?"

"Rudisha kidogo. Kidogo. Hapana, hapo umepita." Nikaanza kuung'ong'a jinsi bibi alivyoung'ong'a, na yeye akawa anasogeza kile kitufe taratibu kwa kunifuata mimi, mara anapanda, mara anashuka, mpaka sauti yangu na sauti ya spika zikakaa pamoja na kuacha kugombana. Wateja wawili waliokuwa wanasubiri wakasogea karibu na spika. Yule jamaa akatoa mkono kwenye kitufe akauacha wimbo uende mpaka mwisho.

"Aisee," akasema. "Hii bendi naijua. Huu wimbo walificha wapi?"

"Hawakuuficha. Watu hawakufika."

Jumapili ya kipaimara cha wajukuu ilikuwa imekaribia. Binti wa bibi alikuwa amekodi muziki, spika mbili ndefu kuliko mlango, kwa ajili ya sherehe ya mchana baada ya misa. Nikaona spika za namna ile ndizo zitakazofika lilipobaki sikio la bibi. Sufuria haitoshi. Nikamfuata binti yake jikoni, katikati ya moshi wa pilau.

"Dada, nina wimbo wa bibi."

"Ule wa ndotoni?"

"Haukuwa wa ndotoni."

Akaacha mwiko. Alinitazama, akajua sitanii. "Mbele ya watu wote hawa? Mbele ya mawifi zangu? Ukimwaibisha mama yangu mara ya pili utarudi Nambambo kwa miguu."

"Nimekubali."

Jamaa wa muziki alikuwa mgumu zaidi. Alisikiliza kipande kwenye simu yangu akasema watu wanacheza, yeye haweki nyimbo za kulala. Binti wa bibi akaja na mwiko wake bado unachuruzika mafuta akamuuliza ni nani aliyekodi spika. Muziki ukazimwa. Watu wakaguna. Tukambeba bibi na kiti chake, akiuliza mnanipeleka wapi, mnanipeleka wapi, nguo yangu inashika vumbi, tukamweka mbele ya spika, sikio la kulia likiielekea.

Gitaa la mwanzo lilitoka na uso wake haukubadilika. Akanyoosha mkono akabandika kiganja kwenye ubao wa spika, kama anavyompima mtoto homa. Ngoma zikaingia. Kisha yule mwimbaji akaanza, mzito, ametulia, na bibi akafungua kinywa.

Hakungoja. Alikuwa mbele yake. Maneno hakuwa nayo, hakuwahi kujua Kiingereza, lakini alikuwa na sauti za kwake mwenyewe alizozishonea wimbo ule tangu usichana, na alizitoa zote, mbele ya mapadri wawili na ukoo mzima wa mkwewe. Mkono wake wa kulia ulitoka kwenye spika ukaanza kwenda na kurudi hewani, kwenda na kurudi, kisha ukageuza kitu na kukikunja, na hapo nikajua wamefika kwenye foronya. Ule wimbo ulipopanda alipanda. Uliposimama juu, alisimama nao, amefumba macho. Alipoteremka, hata watoto waliokuwa wanagombea soda walikuwa wameziacha wakaja kumtazama.

Ulipoisha akamtafuta binti yake kwa macho.

"Nani aliota?"

"Mimi, mama," binti yake akasema, akijifuta macho na kusingizia moshi. "Mimi ndiye niliyelala."

Watu wakaangua kicheko na vigelegele, na bibi akataka aelezwe. Nikapiga magoti upande wake wa kulia nikamweleza kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: jenereta, pasi, sahani inayojikokota, na kwamba wimbo ulikuwa kwenye sahani ileile ya mtu wa kiatu kimoja, wa mwisho kabisa, ambao dunia nzima imeuruka. Wazee wawili waliowahi kufanya kazi misheni wakaitikia kwa nguvu kwamba ni kweli, jenereta ile ilikuwa ikilemewa siku za pasi hata saa ya ukutani ilikuwa ikichelewa. Mmoja akamwiga fundi akitukana kwa lugha mbili, akakatizwa na mkewe kwa sababu ya mapadri.

"Niwekeeni na huo wa kwao," bibi akasema. "Vile wanavyoupiga wenyewe."

Nikampa jamaa wa muziki wimbo wa asili. Bibi aliusikiliza wote kwa adabu, kama mtu anayemsikiliza mgeni. Mwishoni akatikisa kichwa.

"Wanauharakisha."

"Bibi, lakini wao ndio wenyewe."

"Wenyewe walikuwa huko kwao. Pasi nilishika mimi. Rudisha wetu."

Ukarudishwa wetu. Na hapo likatokea jambo ambalo sikulipanga. Wanawake wa umri wake, wengine waliofua naye, wengine ambao hawakuwahi kuingia chumba kile, wakainuka na kujipanga nyuma ya kiti chake, wakaanza kuucheza taratibu, bega kwa bega, miguu ikisugua vumbi kwa hatua ile nzito ya ngoma za kwao, na ilikaa sawasawa, kama vile wale wanaume watano wa kwenye ngazi waliutunga wakiifikiria Mnero. Mawifi wakaingia. Binti yake akaingia na mwiko. Hata jamaa wa muziki, ambaye hapo awali aliuita wa kulala, alikuwa ameegemea spika yake akitikisa kichwa, akaniuliza pembeni kama naweza kumpa, na kama ninazo nyingine za namna hiyo.

"Ninazo," nikamwambia. "Lete memori kadi kubwa."

Walipokwenda kula, padri mmoja aliyekuwa mgeni parokiani, aliyetoka Nachingwea mjini kwa ajili ya kipaimara, alimwinamia bibi akamuuliza yule aliyeuleta wimbo ni nani wake. Bibi alinishika mkono akanivuta mbele ya sahani ya pilau ya padri, nikiwa na shati nililoazima na viatu vyenye salfa ambayo haitoki hata uvipige brashi.

"Huyu ni mpangaji wangu," akasema kwa ile sauti ya juu ya watu wasiojisikia, uwanja mzima ukageuka. "Shule hakumaliza, kazi hana, mke hana, na kodi analipa akikumbuka. Lakini baba, huyu anasikia!"